Kutoka Chumbe hadi Kigomasha: kufuata minara ya taa ya Zanzibar

Alhamisi: Dar es Salaam hadi Unguja

Safari hii nimeipangia minara ya taa peke yake. Fukwe za Unguja nimeshaziona, na Mji Mkongwe nimeshauzunguka vya kutosha, lakini minara ile nilikuwa naipita tu, naiona kwa mbali kutoka kwenye boti kisha naisahau mara tunapofunga gati. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa bandari Tanga, na alikuwa na neno lake: meli ikiingia salama usiku, hakuna anayeuliza nani aliwasha taa. Mwaka huu nilipopata likizo niliamua kwenda kuuliza.

Tuliondoka na boti ya saa moja asubuhi. Kutoka bandari ya Dar es Salaam kunapitia mlango mwembamba, Kigamboni mkono wa kulia na Kivukoni mkono wa kushoto, karibu kiasi cha kuona sura za watu wanaosubiri kivuko. Ukishatoka nje ndipo unapokutana na visiwa vya Makatumbe, na kwenye kile cha nje upo mnara wa taa wa tangu enzi za Wajerumani. Huo niliuona kwa dakika chache, kupitia dirisha lililoganda chumvi.

Bahari ilikuwa shwari. Haya ni majira ya tangambili, kusi imeisha na kaskazi bado haijashika. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja wa Kiunguja aliyekuwa akirudi nyumbani baada ya kumuuguza mwanawe Dar. Tuliongea habari za wajukuu na bei ya mchele mpaka kisiwa kidogo cha kijani kikajitokeza mkono wa kulia, mnara umechomoza juu ya miti. "Ile Chumbe, bibi," nilimwambia kwa furaha. Yeye alinyamaza, akainua viganja, akasoma dua. Alipomaliza akaniambia, "Hapa tumeacha watu wetu, mwanangu."

Nikakumbuka. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit iliyokuwa imetoka Dar es Salaam ilizama karibu na Chumbe, mchana, kusi ikiwa imechafua bahari. Mnara ulikuwepo, umesimama vilevile, na haukuwa na la kufanya. Kazi ya mnara ni kumwambia nahodha yuko wapi. Hauwezi kumzuia asing'oe nanga bahari ikiwa mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu nitaandika juu ya minara hii kwa mapenzi, na sitaki msomaji adhani nimesahau maji haya yamechukua watu wangapi.

Alasiri niliteremka Forodhani kuutafuta mnara ambao haupo tena. Kwenye picha za mji za kabla ya 1896 unaonekana mnara mrefu wa taa mbele ya majumba ya Sultani, karibu kabisa na maji. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zililipiga mizinga kasri ili kumwondoa Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha usultani bila ridhaa yao. Vita vile havikufika saa moja, lakini waliokufa na kujeruhiwa upande wa kasri walikaribia 500. Mnara wa taa uliharibiwa vibaya. Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sultani Seyyid Barghash alilijenga mwaka 1883, lilinusurika, na lilipokarabatiwa likaongezewa mnara wa saa kwa mbele. Huo nao uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 pamoja na sehemu ya jengo, na watu waliokuwa kazini mle ndani walipoteza maisha.

Kwa hiyo mahali pale pamesimama minara miwili kwa zamu, na yote miwili imekwenda. Vijana walikuwa wanajirusha baharini kutoka ukingoni kama wafanyavyo kila jioni, wauza urojo wanapanga meza zao. Nilimuuliza mmoja wa vijana kama anajua palikuwa na taa ya meli pale. Alinijibu kwa adabu kwamba hajapata kusikia, kisha akataka nimwonyeshe picha kwenye simu, akaitazama muda mrefu na kuwaita wenzake.

Ijumaa: Malindi, Mji Mkongwe

Mwenye nyumba niliyofikia aliposikia ninachokitafuta alinipeleka kwa ami yake, mzee aliyekuwa nahodha wa majahazi kwa miaka mingi. Mombasa, Lamu, Tanga, Rufiji kufuata boriti, kote huko amekwenda kwa tanga. Tulimkuta barazani baada ya swala ya Ijumaa, kahawa imeshamiminwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu kitako. Nimeambiwa unataka habari za taa."

Nilikaa mpaka karibu na alasiri na sikujuta hata dakika moja. Mzee alinieleza kwamba mchana nahodha anasoma rangi ya maji. Buluu nzito ni kina, kijani ni mchanga, na ukiona kahawia ujue jiwe liko chini yako. Usiku rangi hakuna. Zinabaki nyota, taa na bildi. Bildi ni tonge la risasi lililofungwa kwenye kamba yenye alama za pima. Chini yake panapakwa shahamu ili likigota lije na mchanga au tope, na kwa hiyo tope nahodha mzoefu anajua amefika wapi.

"Huku Unguja bildi inakusaidia," alisema. "Maji ya mkondo huu si marefu. Tatizo lake mafungu, yametapakaa. Pemba ni mambo mengine. Unapima hugusi, unapima hugusi, mara unasikia mawimbi yanapasuka mbele. Hapo ushachelewa."

Baadaye nilitazama ramani ya bahari na kuona jinsi maneno yake yalivyo sahihi. Kati ya Unguja na bara kina ni cha makumi ya mita tu, lakini kati ya Pemba na bara bahari inashuka zaidi ya mita 800, na kisiwa kinapanda kutoka kwenye shimo hilo ghafla. Ndiyo maana mwaka 1904 Waingereza, waliokuwa wameiweka Zanzibar chini ya himaya yao tangu 1890, walijenga mnara Chumbe kulinda njia ya kusini ya kuingilia mjini, na miaka hiyohiyo wakasimamisha mwingine Ras Kigomasha, pembe ya kaskazini magharibi ya Pemba. Stima zilikuwa zimeongezeka na mafungu hayakuwa na huruma nazo. Wapiga mbizi mpaka leo wanazamia kwenye mabaki ya Great Northern, meli iliyokuwa ikitandaza nyaya za telegrafu chini ya bahari, iliyokwama kwenye fungu si mbali na mji na kuzama mwishoni mwa 1902.

Nilimuuliza mzee alikuwa anajisikiaje akiiona taa ya Chumbe. Alicheka. "Ukishaiona Chumbe, unawaambia mabaharia wavae mashati. Watu wasije kuteremka mjini wako uchi."

Jumamosi: Chumbe

Boti ndogo iliondoka Mbweni, kusini ya mji, mahali penye magofu ya shule ya wasichana waliokombolewa utumwani. Chumbe haipokei umati. Wageni wa siku wanachukuliwa wachache, na ratiba nzima inafuata maji: yakijaa unaogelea, yakipwa unapanda mnara na kutembea msituni. Ukienda, uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi siku hiyo, maana ndiyo yatakayokupangia.

Kisiwa chenyewe ni kipande cha matumbawe ya kale kilichoinuka juu ya bahari, urefu wake kama kilomita moja. Ardhi ni mwamba mtupu wenye ncha kali, na juu ya mwamba huo umeota msitu mnene ambao mizizi yake inashika mawe kama vidole. Maji baridi hayapo. Hakuna kisima, hakuna chemchemi. Kila tone la kunywa na kuogea ama limekingwa mvua ikinyesha, ama limeletwa kwa boti.

Aliyetupokea ni askari wa hifadhi, mwanamume wa makamo ambaye zamani alikuwa mvuvi katika kijiji cha ng'ambo ya pili. "Karibu dada. Tuanze na mnara, jua halijawa kali." Ndivyo nilivyotaka mimi.

Ukiwa chini yake, mnara unaonekana mnene kuliko ulivyo kutoka kwenye boti. Umejengwa kwa mawe na chokaa, wa duara, unapungua kidogo kadiri unavyopanda. Ndani mna ubaridi na harufu ya chokaa iliyonyonya unyevu. Ngazi ni za kuzunguka, zaidi ya 130, na vidirisha vyembamba vinatoa mwanga wa kutosha tu kuona unapokanyaga. Upande wa ndani wa kila kidato umelika na kuwa na kibonde laini, mahali nyayo zilipopita tangu 1904. Nikaweka mguu wangu kwenye vibonde hivyo kimoja baada ya kingine. Mtu aliyekuwa akipanda hapa jioni na kushuka alfajiri, mwaka hadi mwaka, jina lake halijaandikwa ukutani, ila hatua zake zipo.

Juu kabisa kuna chumba cha taa kilichozungukwa na vioo, na roshani ya kusimama nje. Taa iliyomo ni ya gesi, ya mfumo wa AGA, iliyofungwa mwaka 1926. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni kitu cha ajabu na watu wengi wanaipiga picha bila kuambiwa inavyofanya kazi.

Aliyebuni mfumo huo ni Msweden, Gustaf Dalén. Gesi inayotumika ni asetilini, ambayo ina mwanga mkali lakini ni hatari, inalipuka kwa mshtuko mdogo. Dalén alipata njia ya kuihifadhi salama ndani ya mitungi iliyojazwa kitu chenye vinyweleo. Kisha akatengeneza kifaa cha kuifanya taa iwake na kuzimika kwa mipigo badala ya kuwaka mfululizo, na kwa njia hiyo mtungi mmoja ukadumu muda mrefu sana. Kubwa zaidi ni vali ya jua. Ndani ya kioo kuna fimbo moja nyeusi, imezungukwa na nyingine zilizong'arishwa. Kukipambazuka, fimbo nyeusi inanyonya mwanga wa mchana na kurefuka kidogo kuliko wenzake, na huko kurefuka tu kunafunga gesi. Giza likiingia inanywea, gesi inafunguka, taa inawaka yenyewe. Hakuna umeme wala saa. Mwaka 1912 Dalén alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo, na mwaka huohuo mlipuko ukampofusha macho yote mawili. Aliendelea kufanya kazi kipofu mpaka alipofariki mwaka 1937.

Nilipokuwa nasimuliwa habari hizi nilimfikiria mwasha taa wa Chumbe. Kifaa kama hicho kinapofungwa, mtu wa kupanda kila machweo hahitajiki tena. Baba aliwahi kuniambia kuhusu bandari ya Tanga kwamba kila mashine mpya iliposhushwa, alihesabu ni watu wangapi hawatarudi kazini Jumatatu. Siilaumu taa ile. Imeongoza vyombo miaka karibu mia bila kudai mshahara. Lakini nyumba ya mtunza mnara ilibaki tupu, ikaharibika, na miti ikaingia ndani.

Nyumba hiyo leo imekarabatiwa na ndiyo kituo cha kupokelea wageni. Karibu yake upo msikiti mdogo wa mwanzoni mwa karne ya 20, aliojengewa mtunza mnara wa asili ya Kihindi, na ujenzi wake ni wa Kihindi pia. Adhuhuri ilipofika wafanyakazi wa kisiwa walitawadha wakaingia kuswali. Nilikaa kivulini nje nikisikia takbira, bahari hatua chache kutoka mlangoni. Kati ya yote niliyoyaona Chumbe, msikiti huu ndio ulionigusa zaidi, kwa kuwa bado unafanya kazi aliyoihitaji mtu yule aliyekuwa peke yake hapa.

Sasa nirudi roshani, maana kule juu ndiko nilikoelewa jambo ambalo sikulitarajia. Upande wa magharibi wa kisiwa unaona mkanda wa mwamba wa matumbawe chini ya maji, rangi ya chai hafifu, kisha buluu inaanza ghafla. Ile buluu ndiyo njia ya meli za Dar es Salaam. Mwenyeji wangu alinieleza kwamba wavuvi wadogo walikuwa hawaruhusiwi kuvua upande ule, wasije kuziba njia ya vyombo vikubwa, na pwani ya ng'ambo ilikuwa eneo la jeshi. Kwa hiyo matumbawe yale hayakupigwa baruti, hayakukokotwa nyavu, hayakukanyagwa. Njia ileile iliyoletewa mnara ndiyo iliyouhifadhi mwamba, bila mtu yeyote kukusudia.

Mwaka 1991 mama mmoja wa Kijerumani, Sibylle Riedmiller, alianza jitihada za kukifanya kisiwa kiwe hifadhi, na mwaka 1994 serikali ya Zanzibar ikakitangaza rasmi. Wavuvi kutoka vijiji vya jirani waliajiriwa kuwa walinzi. Leo mwamba ule una karibu aina 200 za matumbawe magumu na aina zaidi ya 400 za samaki.

Maji yalipojaa tukaingia. Sitaeleza kila samaki, itakuwa orodha. Nitataja mmoja tu, kasuku bahari mkubwa wa kijani aliyekuwa anatafuna tumbawe, na sauti ya meno yake niliisikia waziwazi chini ya maji, krap, krap. Mwongozaji alinionyesha kwa kidole mchanga mweupe uliokuwa unamtoka nyuma. Huko ndiko unakotoka mchanga mwingi wa fukwe tunazozisifia.

Wanafunzi wa skuli za Unguja huletwa hapa bure kujifunza. Wengi wao, hasa wasichana, wamezaliwa na kukulia kisiwani na hawajapata kuingiza uso ndani ya maji ya bahari. Askari wetu aliniambia binti mmoja alipoinua kichwa mara ya kwanza alilia, akauliza kwa nini nyumbani hawakumwambia. Mimi nimekua Tanga, mita chache kutoka baharini, na nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka ishirini na kitu. Nalielewa vizuri swali lake.

Jumapili: Nungwi

Daladala namba 116 inakwenda Nungwi. Mahonda, Kinyasini, mashamba ya mihogo na minazi, kisha ghafla mahoteli.

Mnara wa Nungwi ni wa mwaka 1886, mkongwe kuliko wa Chumbe, na umesimama rasini kabisa, mwisho wa Unguja upande wa kaskazini. Mwaka uleule, tarehe 1 Novemba, Waingereza na Wajerumani walikubaliana Ulaya kwamba milki ya Seyyid Barghash ni visiwa, ukanda wa maili kumi wa pwani na miji michache ya kaskazini, basi. Alikuwa anapoteza bara, na huku ncha ya kisiwa chake inapata taa. Hayo mawili nimekuwa nikiyafikiria pamoja.

Kuingia haikuwezekana. Eneo lina ulinzi, limezungushiwa uzio, na kupiga picha ni marufuku. Askari wa zamu alinieleza kwa upole, nikamshukuru nikaondoka. Nausema wazi mtazamo wangu: kama kuna sababu za usalama ziheshimiwe, lakini mnara wenye umri huu unastahili kufunguliwa angalau siku moja kwa mwaka, watoto wa Nungwi wapande waione bahari yao kwa juu. Wanazaliwa chini yake na wanazeeka hawajawahi kuona ndani.

Jirani yake kuna bwawa la asili kwenye mwamba, maji yake yanapanda na kushuka na bahari, ambamo wanakijiji wanatunza kasa walionaswa kwenye nyavu mpaka wanaporudishwa baharini. Hapo nilipita haraka. Saa zangu nyingi nilizimalizia kwa mafundi wa vyombo.

Walikuwa wanaunda mashua ufukweni, mkuku umeshalazwa na mataruma yamesimama. Hakuna mchoro kwenye karatasi. Fundi mkuu aliupima ubao kwa jicho, akauchonga kwa tezo, akaujaribu, akauchonga tena. Kijana wake alikuwa anatoboa kwa keekee, upinde unakwenda na kurudi, vumbi la mbao linamwagika polepole kwenye vidole vyake vya miguu. Mwingine alikuwa anatia kalafati: pamba iliyosokotwa na kuloweshwa mafuta, inasukumizwa kwenye mwanya baina ya mbao mbili kwa patasi butu na nyundo, inagongwa mpaka sauti ibadilike. Nilimuuliza anajuaje kama imetosha. Akanipa nyundo nijaribu. Mwanzo mlio ni mzito na mfu. Pamba ikishashindiliwa, ubao unalia wote.

Fundi mkuu alizungumza habari za usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba na mamia ya watu. "Simu zilipoanza kuingia, kila mwenye chombo alitoka. Mashua, boti za watalii, kila kitu." Alinyamaza akachonga kidogo. "Taa ilikuwa inawaka, dada. Tuliowatoa walisema walikuwa wanaiona."

Sikuwa na la kumjibu.

Jumatatu: Unguja hadi Mkoani, Pemba

Siku ya boti na mizigo. Tulifika Mkoani salama, nikalala Chake Chake mapema.

Jumanne: Ras Kigomasha

Kutoka Chake hadi Konde daladala inapita katikati ya mikarafuu. Ni msimu wa kuvuna, majamvi yameanikwa pembeni ya barabara, karafuu zinageuka kutoka kijani na wekundu kuwa kahawia, na harufu inaingia garini hata vioo vikiwa vimefungwa. Konde nilichukua bodaboda. Njia inaingia msitu wa Ngezi, giza la miti mikubwa na ubaridi, kisha inatokea upande wa pili kwenye mchanga, migomba na jua. Mwisho wa njia upo mnara.

Huu ni wa chuma. Sahani nene za chuma zimeunganishwa kwa bolti, zimepakwa rangi nyeupe, na mahali rangi ilipobabuka kutu imechora mistari mirefu kuelekea chini. Una urefu wa mita zaidi ya 25. Nilipiga hodi kwenye nyumba ya jirani, akatoka mzee mwenye kofia na ufunguo.

"Assalamu alaikum, shikamoo mzee."

"Waalaikumu salaam. Marahaba, binti yangu. Umekuja kupanda?"

Ngazi zake ni nyembamba mno, begi ilibidi niliache chini. Mnara wa Chumbe unazipokea hatua zako kimya. Huu unazijibu, kila kidato kina mlio wake, na mzee alikuwa anazijua zile za kurukwa. Juu, kabla hajanionyesha chochote, alitoa kitambaa mfukoni akapangusa kioo upande wa kusi, ambako chumvi huwa nyingi. Alifanya hivyo bila kufikiri. Ndipo nilipomuuliza swali nililokuja nalo kutoka Tanga kwa baba: ni nani wanaoishughulikia taa hii? Alinitajia waliomtangulia mmoja mmoja kwa majina na vijiji vyao, kila mtu na alichokirithisha kwa mwenzake, mpaka akafika kwa aliyemfundisha yeye. Nimeyaandika majina yote kwenye daftari. Hapa siyaweki kwa sababu sikumwomba ruhusa ya kuyatangaza, ila yapo.

Kutoka pale juu niliona alichokisema nahodha wa Malindi. Mwamba wa matumbawe unazunguka ras kwa ukanda mwembamba, kisha buluu nyeusi hapohapo, hakuna kijani cha katikati. Meli inayotoka kaskazini usiku haina kitu kingine cha kuiambia kwamba Pemba iko mbele. Mashariki unaonekana mchanga wa Vumawimbi, kusini kilele cha msitu, na ngalawa tatu zilikuwa zinarudi na tanga zimejaa.

Kama unataka kwenda, toka Chake asubuhi na mapema, maana daladala za Konde mchana zinapungua. Bodaboda mpatane na ya kurudi, kule mwisho hakuna usafiri wa kudandia. Beba maji yako. Usipige picha ya mzee kabla ya kumwomba, na ukishuka umwachie chochote mkononi, kwa kuwa rangi na vitambaa vya kupangusia havitoki hewani. Panda kabla ya saa nne. Baada ya hapo chuma kinashika moto na vishikio haviguswi.